Kosa Lililojificha Katika Saa

Kila askari aliyepata kurudi kutoka lindoni anaijua kanuni ya kukagua silaha kabla ya kuingia kambini. Tulipokuwa chuo cha makadeti, mkufunzi wetu hakukubali hata siku moja jibu la "Haina risasi, afande." Kadeti aliweza kuapa kwa jina la mama yake, asisikilizwe. Ilikuwa lazima bunduki ifunguliwe, chemba ionekane kwa macho, na kama usiku ulikuwa wa giza, kidole kipitishwe ndani. Kanuni hiyo haikutungwa kwa kuwadharau makadeti. Ilitungwa kwa sababu kiapo si ushahidi, na kwa sababu bunduki iliyonyamaza mara mia yaweza kulia mara ya mia na moja.

Siku hizi askari na polisi wamekabidhiwa vyombo ambavyo chemba yake haionekani kwa macho wala haiguswi kwa kidole. Ndege, helikopta, rada, makombora ya kujihami na hata baadhi ya magari yana kompyuta ndani yake. Na ndani ya kompyuta mna programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na binadamu, ambayo mtambo huyafuata neno kwa neno bila kuuliza. Agizo likiwa sahihi, mtambo hutenda sahihi. Agizo likiwa na kosa, mtambo hulitenda kosa hilo kwa utii ule ule.

Basi ni haki ya askari kuuliza: chemba ya programu hufunguliwa na nani, na hufunguliwaje? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo. Tutaanza na msiba uliowapata askari wenzetu wa nchi nyingine, kisha tutaeleza njia iliyobuniwa na wataalamu wa hisabati ili kuyatafuta makosa ya namna hiyo kabla hayajaua mtu. Njia hiyo huitwa ufasiri dhahania. Jina lake ni zito, lakini maana yake, kama tutakavyoona, haiko mbali na kazi ambayo mlinzi na mpelelezi huifanya kila siku.

USIKU WA DHAHRAN

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora aina ya Scud lilirushwa kutoka Iraki kuelekea mji wa Dhahran, Saudi Arabia. Mji huo ulikuwa ukilindwa na mitambo ya Patriot ya jeshi la Marekani, ambayo kazi yake ni kuyaona makombora ya adui kwa rada na kuyapiga yakiwa angani. Usiku ule mtambo uliopaswa kulishughulikia Scud hilo ulikuwa mzima. Ulikuwa umewashwa, una makombora yake, na askari wake walikuwa kazini. Hata hivyo haukufyatua kitu. Scud lilianguka juu ya jengo walimokuwa wakilala askari wa Marekani, likaua watu 28 na kujeruhi wengine wapatao 100. Kikosi kimoja cha akiba kutoka jimbo la Pennsylvania, ambacho kazi yake ilikuwa kusafisha maji ya kunywa, kilipoteza askari 13. Kilikuwa hakijamaliza hata wiki mbili katika nchi ile.

Uchunguzi ulifanywa, na mwaka 1992 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ikatoa taarifa yake. Chanzo hakikuwa hujuma, wala uzembe wa walinzi. Chanzo kilikuwa hesabu ndogo ya saa iliyokuwamo ndani ya programu.

Mtambo wa Patriot ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Ili kupata sekunde kamili, programu iliizidisha hesabu hiyo kwa moja ya kumi. Hapo ndipo kosa lilipojificha. Sisi tukigawa moja kwa tatu tunapata 0.333 isiyo na mwisho, na mahali popote tutakapoikata tutakuwa tumepoteza kitu kidogo. Kompyuta, ambayo huhesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, hupatwa na shida hiyo hiyo kwa moja ya kumi. Patriot ilikuwa na nafasi ya tarakimu 24 tu za kuiandikia namba hiyo. Zilizobaki zilikatwa. Kilichopotea kilikuwa takriban sekunde 0.000000095 kwa kila sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Msomaji atasema: kitu kidogo namna hiyo chaweza kumdhuru nani? Lakini haba na haba hujaza kibaba. Mtambo ule ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 mfululizo. Katika saa 100 mna sehemu za kumi za sekunde 3,600,000. Zidisha kwa upungufu ule mdogo, utapata kwamba saa ya mtambo ilikuwa imekosea kwa sekunde 0.34 hivi. Kombora la Scud husafiri zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde moja. Katika theluthi ya sekunde linakuwa limekwenda zaidi ya nusu kilomita. Rada ililiona kombora mara ya kwanza, programu ikakadiria mahali litakapokuwa baadaye, rada ikatazama pale, na pale hapakuwa na kitu. Mtambo ukaamua kwamba kilichoonekana hakikuwa kombora. Ukanyamaza.

Jambo linalochoma zaidi ni kwamba kosa lile lilikuwa limekwisha kujulikana. Tarehe 11 Februari, Waisraeli, waliokuwa na mitambo kama hiyo, walikuwa wamewapa Wamarekani takwimu zilizoonyesha kwamba baada ya saa 8 tu za kufanya kazi mfululizo usahihi wa mtambo ulianza kupungua. Tarehe 16 Februari programu iliyorekebishwa ilitolewa. Tarehe 21 Februari vikosi viliarifiwa kwamba kuuwasha mtambo kwa "muda mrefu sana" kungeweza kuleta hitilafu. Lakini taarifa hiyo haikusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu mpya iliwasili Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya mazishi ya watu 28 kuwa jambo lisiloepukika. Na kuuzima mtambo na kuuwasha upya, jambo ambalo lingeirudisha saa yake kwenye sifuri, kulihitaji dakika moja au moja na nusu tu.

KWA NINI KUJARIBU HAKUTOSHI

Wapo watakaosema kwamba dawa ya makosa hayo ni kuujaribu mtambo vya kutosha. Hapana shaka majaribio ni ya lazima. Lakini tuwe wakweli: jaribio huonyesha kwamba kosa lipo pale linapoonekana, wala haliwezi kuonyesha kwamba halipo pale lisipoonekana. Patriot ilibuniwa ihamehame na kufanya kazi kwa saa chache tu kila inapotua, dhidi ya ndege na makombora yaendayo polepole kuliko Scud. Katika hali hiyo ilifaulu. Kosa lake lilikuwa likingoja saa ya mia moja.

Tuchukue mfano wa hesabu. Programu ndogo sana inapokea namba mbili kutoka kwa vipimo viwili, na kila namba imeandikwa kwa tarakimu 32 za sifuri na moja. Michanganyiko yote inayowezekana ya namba hizo mbili ni zaidi ya bilioni 18 zikizidishwa kwa bilioni moja. Mtu mwenye kompyuta ya kufanya majaribio bilioni moja kila sekunde, bila kulala wala kula, atamaliza kazi baada ya miaka 584 hivi. Na programu ya ndege haipokei namba mbili. Hupokea maelfu, tena zikibadilika kila kukicha kwa sekunde.

Roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilitoa somo hilo hilo kwa namna nyingine. Tarehe 4 Juni 1996 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Kifaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za kisayansi na bila mtu ndani. Yapata sekunde 40 baadaye iligeuka ghafla, ikavunjika na kulipuka. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka roketi ya zamani, Ariane 4, ambako ilikuwa imefanya kazi vizuri miaka mingi. Sehemu hiyo ilijaribu kuhamisha namba kubwa na kuiweka katika nafasi isiyoweza kubeba zaidi ya 32,767. Katika Ariane 4 namba hiyo haikupata kuvuka kiasi hicho. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkali zaidi, namba ikavuka, ikafurika kama maji katika kikombe kidogo. Kulikuwa na mtambo wa akiba, lakini ulikuwa na programu ile ile, nao ulikwisha kukosea kosa lile lile sehemu ndogo ya sekunde kabla ya mwenzake. Askari wawili waliofundishwa kosa moja hawawezi kusahihishana.

MLINZI, MPELELEZI NA HISABATI

Sasa tuitazame njia yenyewe. Tumfikirie polisi mpelelezi. Duka limevunjwa Gulu saa nane kamili mchana, na mtu mmoja anashukiwa. Mpelelezi anapata ushahidi usio na shaka kwamba saa saba na nusu mtu huyo alikuwa Kampala akisaini kitabu katika kituo cha polisi, na kwamba hakupanda ndege. Mpelelezi hajui mshukiwa alipita barabara gani, alikunywa chai wapi, wala alikutana na nani. Hana haja ya kujua. Anajua kwamba kutoka Kampala hadi Gulu ni zaidi ya kilomita 300, na kwamba hakuna gari liwezalo kuzimaliza kwa nusu saa. Kwa hiyo, katika safari zote zinazowezekana, hakuna hata moja inayomfikisha mtu huyo Gulu saa nane. Safari hizo hazina idadi, naye amezikataa zote kwa hoja moja.

Huo ndio ufasiri dhahania. Badala ya kuiendesha programu kwa namba hii, kisha ile, kisha nyingine, mkaguzi huifasiri kwa kutumia sifa za jumla. Hasemi "mwendo ni 212". Husema "mwendo ni kitu chochote kati ya 0 na 400". Kisha hufuata maagizo ya programu moja baada ya jingine akiuliza: baada ya agizo hili, mipaka imekuwa ipi? Kama programu inaongeza 10, mipaka inakuwa 10 na 410. Kama inazidisha kwa mbili, inakuwa 20 na 820. Akifika mahali ambapo namba itawekwa katika nafasi isiyobeba zaidi ya 32,767, na mpaka wake wa juu ni 820, huandika: hapa hapawezi kufurika kamwe. Akifika mahali pa kugawanya, hutazama kama sifuri imo kati ya mipaka ya kigawanyo, kwa sababu kugawanya kwa sifuri huvuruga mtambo. Kama sifuri haimo, hupita. Kama imo, hupiga king'ora.

Patakuwa na msomaji atakayeuliza: vipi kuhusu maagizo yanayorudiwarudiwa? Programu nyingi zina duru, yaani kipande kinachorudiwa mara nyingi, kama askari azungukaye ghala. Mkaguzi akifuata kila mzunguko hatamaliza. Tuseme kihesabio kinaanza na sifuri na kuongezewa moja kila mzunguko maadamu hakijafika 100. Mzunguko wa kwanza mipaka ni 0 na 0; wa pili ni 0 na 1; wa tatu ni 0 na 2. Mkaguzi akiona mpaka wa juu unazidi kupanda, hasubiri. Huruka mara moja na kusema: tuchukue kwamba mpaka wa juu hauna mwisho. Kisha hurudi nyuma na kulitazama sharti la duru, kwamba kihesabio kisipite 100, na kuupunguza mpaka hadi pale sharti linaporuhusu. Kwa hatua chache amemaliza duru ambayo ingeweza kuzunguka mara bilioni.

Ukaguzi wa namna hiyo una kiapo kimoja kisichovunjwa: kutosema "salama" mahali pasipo salama. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alikwisha kuthibitisha kwamba hakuwezi kuwapo mtambo wa kujibu bila kukosea, kwa kila programu duniani, kama programu hiyo itasimama au itaendelea milele. Kwa hiyo mkaguzi hana budi kukubali upungufu fulani. Wataalamu walichagua upungufu wake uwe upande wa hofu. Ameruhusiwa kusema "sina hakika, tazameni hapa". Hakuruhusiwa kusema "piteni" akiwa hana hakika. Mlinzi mwema hulijua chaguo hilo. Heri kumsimamisha rafiki na kumwuliza neno la siri kuliko kumpisha adui.

MTOTO WA SAKIET

Njia hii ilibuniwa na watu wawili, mume na mke, Patrick Cousot na Radhia Cousot. Waliitangaza kwa ulimwengu mwaka 1977 katika mkutano wa wataalamu uliofanyika Los Angeles, Marekani, wakiwa bado vijana wa chini ya miaka 30.

Radhia alikuwa Mwafrika. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji mdogo wa Sakiet Sidi Youssef, Tunisia, kwenye mpaka wa Aljeria. Tarehe 8 Februari 1958, siku ya soko, ndege za jeshi la Ufaransa zilizokuwa zikiwasaka wapiganaji wa Aljeria ziliushambulia mji huo kwa mabomu. Watu wapatao 70 waliuawa, wakiwamo watoto waliokuwa shuleni. Radhia, mwenye umri wa miaka 10, alikuwa mmoja wa watoto wa shule ile walionusurika. Baadaye alisoma Aljeria, kisha akaenda Ufaransa kuendelea na masomo ya kompyuta, na huko ndiko alikofanya kazi kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2014.

Sisi tulio katika majeshi tusiisome habari hiyo haraka haraka. Mtoto aliyeziona ndege zikiua wenzake darasani alikuwa mtu mzima akatumia elimu yake kuhakikisha kwamba ndege hazianguki na watu waliomo. Heshima hiyo ni yake, na Afrika ina fungu lake.

KING'ORA CHA BURE

Kwa miaka mingi baada ya 1977 njia hii ilionekana kuwa ya vitabuni. Sababu kubwa ilikuwa ving'ora vya bure. Tufikirie doria iliyotoka kambini saa sita, ambayo haiwezi kwenda zaidi ya kilomita 5 kwa saa. Baada ya saa mbili kamanda anajua kwamba doria imo ndani ya duara la kilomita 10 kutoka kambini. Kama uwanja wa mabomu ya ardhini uko kilomita 15, hana wasiwasi. Lakini kama uko kilomita 8 upande wa mashariki, duara lake linaugusa, naye hana budi kupiga king'ora, hata kama doria ilielekea magharibi tangu mwanzo. King'ora hicho ni cha bure, na vikiwa maelfu hakuna atakayevisikiliza, kama wale wanakijiji waliochoka na mchungaji aliyezoea kupiga yowe la simba.

Dawa yake ni kuchora picha iliyo sahihi zaidi. Kamanda akijua pia kwamba doria haiachi barabara ya magharibi, duara linageuka kuwa mstari, na king'ora kinanyamaza kwa haki. Wataalamu walifanya vivyo hivyo. Mbali na mipaka ya kila namba peke yake, waliongeza picha zinazoonyesha uhusiano wa namba mbili, kwa mfano kwamba hii haiwezi kuizidi ile kwa zaidi ya kumi. Waliongeza picha za vichujio vinavyolainisha vipimo vya ndege, na picha za makosa madogo ya kukata desimali, yaani ndugu wa kosa lile la Dhahran. Kila picha ilifuta kundi la ving'ora vya bure bila kukivunja kile kiapo.

Mwaka 2001 kundi la wataalamu katika chuo cha École normale supérieure mjini Paris, likiongozwa na Patrick Cousot na Radhia akiwamo, lilianza kujenga programu ya ukaguzi iitwayo Astrée. Novemba 2003 waliitumia kuikagua programu kuu ya kuongoza ndege za abiria za Airbus A340, ambamo amri za rubani hupita kwenye kompyuta kabla ya kufika kwenye mabawa. Programu hiyo ilikuwa na mistari 132,000 ya lugha ya C. Kompyuta ya kawaida ya mezani iliikagua kwa saa 1 na dakika 20, ikathibitisha kwamba katika safari zote zinazowezekana hakuna mahali namba itafurika, hakuna mahali patagawanywa kwa sifuri, na hakuna mahali programu itaandika nje ya nafasi iliyopewa. Hakukuwa na king'ora hata kimoja cha bure. Baadaye ilitumiwa kwa programu za A380, na mwaka 2008 kwa programu ya kukiunganisha chombo cha mizigo cha Ulaya kiitwacho Jules Verne na kituo cha anga cha kimataifa. Leo viwango vya kimataifa vya programu za ndege vinaikubali hisabati ya namna hiyo kuwa ushahidi halali.

MIPAKA YA NJIA HII

Hata hivyo tusimpotoshe msomaji. Mwenye kuikagua bunduki na kuikuta tupu hajasema kwamba vita vitashinda. Ufasiri dhahania huthibitisha kwamba makosa ya aina fulani hayamo. Hauthibitishi kwamba waliotoa maagizo walifikiri sawasawa.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliruka kutoka Addis Ababa kuelekea Nairobi, ikaanguka karibu na Bishoftu dakika chache baadaye. Watu wote 157 walikufa, wakiwamo Wakenya 32. Miezi michache nyuma, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyo ilianguka Indonesia na kuua watu 189. Katika ajali zote mbili kipimo kimoja kilichoko ubavuni mwa pua kilitoa namba ya uongo, na programu ikaiamini na kuisukuma pua ya ndege chini mara kwa mara. Programu ilitenda kama ilivyoagizwa. Kosa lilikuwa katika agizo lenyewe, la kumwamini shahidi mmoja bila kumwuliza wa pili. Polisi yeyote angeliona kosa hilo kama lingeletwa mbele yake kwa lugha anayoielewa.

Vile vile hisabati hujibu kile tu ilichoulizwa. Mkaguzi hana budi kuambiwa mtambo utafanya kazi kwa muda gani, na vipimo vyake vitakuwa kati ya mipaka ipi. Mtu akimwambia saa 8, kisha mtambo ukatumika saa 100, uthibitisho wake hauna nguvu tena. Lakini faida ni hii, kwamba swali lenyewe linalazimika kuulizwa na jibu kuandikwa kwa tarakimu. Dhahran hakuna aliyeandika tarakimu.

FUNZO KWA ASKARI

Kwa hakika wengi wetu hatutaandika programu wala kukagua hisabati zake. Je, habari hii yatuhusu nini? Yatuhusu kwa mambo matatu.

La kwanza, mtambo unapokuja na maelekezo kwamba uzimwe na kuwashwa upya kila baada ya muda fulani, agizo hilo si porojo la mafundi. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza kwamba umeme wa ndege za Boeing 787 uwe unazimwa mara kwa mara, kwa sababu kihesabio kilichomo katika mitambo ya kuongoza jenereta kingefurika baada ya siku 248 za kuwaka mfululizo na kuweza kuzima umeme wote. Hiyo ilikuwa miaka 24 baada ya Dhahran, na kosa lilikuwa la saa tena.

La pili, onyo lisilo na tarakimu si onyo. "Muda mrefu sana" ni maneno ambayo kila mtu huyapima kwa kibaba chake. Afisa anayeandika taarifa aandike saa, kilomita na tarehe. Askari anayepokea taarifa isiyo na tarakimu aulize, tena aulize siku hiyo hiyo.

La tatu, anayeona mtambo umefanya jambo la ajabu, hata kama baadaye umetulia, na aripoti. Mkaguzi wa hisabati humtegemea mtu wa lindoni amwambie mtambo unatumika vipi kwa kweli, maana mitambo mingi huuawa na matumizi ambayo waliobuni hawakuyafikiria.

Mkufunzi wetu wa zamani hakupata kusikia habari za ufasiri dhahania. Lakini tunaamini angeielewa kwa siku moja. Kadeti mmoja alipomwambia kwamba bunduki yake haijawahi kulia kwa bahati mbaya, alimjibu kwamba hakuuliza bunduki imefanya nini jana. Aliuliza mna nini ndani. Kisha akasimama pale pale, mkono nyuma, akingoja chemba ifunguliwe.